Gramu 53 za sukari katika somo la Kiingereza

Fungua kitabu chochote cha kufundishia Kiingereza na huenda usifike katikati kabla hujakutana na sura ya chakula na afya. Ina picha ya matunda, ina daktari wa koti jeupe anayezungumza na mgonjwa, na mwishoni ina zoezi la kujaza nafasi kwa "should" na "shouldn't". You should eat more fruit. You shouldn't eat too many sweets. Mwanafunzi anajaza, mwalimu anapiga tiki, kengele inalia. Nimeifundisha sura hiyo mpaka nimeikariri, na kwa muda mrefu nimekuwa na ugomvi nayo.

Ugomvi wenyewe ni kwamba sura inadai kufundisha mambo mawili kwa mpigo, na mara nyingi haifundishi hata moja. Hakuna mtoto wa miaka 12 asiyejua kwamba matunda ni mazuri na peremende zikizidi ni mbaya. Kuambiwa hivyo tena kwa lugha ya kigeni hakumwongezei afya. Na kwa upande wa lugha, jibu analijua kabla hajasoma swali, kwa hiyo hana haja ya kulisoma. Anaangalia neno "sweets", anaandika "shouldn't", anahamia swali linalofuata. Ukimwekea sentensi hiyohiyo kwa Kichina, pengine angepata.

N. S. Prabhu, mtaalamu wa kufundisha Kiingereza, aliliona tatizo hili kwa mapana yake huko Bangalore, India, katika mradi ulioendeshwa kati ya 1979 na 1984. Badala ya kuwafundisha wanafunzi kanuni kisha kuwapa mazoezi ya kanuni hizo, aliwapa kazi za kutatua, kwa mfano kusoma ramani au ratiba ya treni, ili akili yao iwe kwenye kazi na Kiingereza kiwe njia ya kuifikia. Alizungumzia mapengo matatu: pengo la taarifa, ambapo wewe una jambo nisilolijua, pengo la kufikiri, ambapo inabidi tukokotoe kutoka tunachokijua hadi tusichokijua, na pengo la maoni. Afya na lishe imejaa mapengo ya aina hiyo. Shida ni kwamba walimu tunayaziba kwa mahubiri kabla mwanafunzi hajapata nafasi ya kuyaona.

Nieleze somo moja kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonibadilishia namna ya kufundisha sura hii.

Chukua chupa tupu ya soda ya kola ya nusu lita na ubandue lebo yake. Iwe lebo yenyewe, bado inanata pembeni, na si mchoro wa lebo uliosafishwa kitabuni. Nusu ya darasa inapewa lebo, nusu nyingine inapewa jedwali tupu, na wenye jedwali hawaruhusiwi kuchungulia. Inabidi waulize: How much sugar is there? Nao wenye lebo inabidi watafute, kwa sababu maandishi ni madogo, namba zimebanana, na kuna safu mbili. Moja ni ya mililita 100, nyingine ni ya kipimo ambacho mtengenezaji ameamua kukiita cha mtu mmoja, tuseme mililita 250.

Kufikia hapo sina haja ya kusema neno. Kundi moja linaandika ubaoni 10.6. Kundi la pili linaandika 26.5. Wanatazamana. Kila upande unashikilia kwamba mwenzake hajui kusoma, na kwa mara ya kwanza ndani ya wiki nzima nasikia watu wakigombana kwa Kiingereza bila kuombwa. "Look here! Here!" Kidole kiko kwenye lebo. Mwishowe mtu mmoja, na mara nyingi si yule anayeongoza darasa, anageuza lebo na kuona kwamba chupa nzima ni mililita 500. Basi namba zote mbili ni sahihi, na wala hakuna hata moja inayojibu swali la mtu aliyeinywa chupa yote. Wanakokotoa: gramu 53.

Gramu 53 ni namba tu mpaka uimwage. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba sukari ya karibu gramu 4. Mmoja anachota na kumimina kwenye glasi inayoonekana na wote, darasa linahesabu kwa sauti, "one, two, three". Kwenye kijiko cha sita au cha saba wale wa nyuma huanza kusimama. Kwenye cha kumi kuna anayesema imetosha. Wanafika 13. Hapo ndipo naandika ubaoni pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2015: sukari iliyoongezwa kwenye chakula, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingekuwa vizuri zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 50. Naliacha pendekezo hapo ubaoni na kukaa kimya.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuinua mkono na kusema: "But teacher, I don't drink alone. I share with my sister." Nilifurahi kuliko ningeambiwa darasa zima limepata mia kwa mia. Sentensi fupi, imekamilika, na ina hoja. Ikabidi tugawanye, ikabidi tuanze kusema "if you share it", na sarufi ambayo kitabu kiliipangia sura tatu mbele ikaja yenyewe kwa sababu ilihitajika. Mwingine akauliza kuhusu chungwa: nalo si lina sukari? Hili swali huja karibu kila mara, na mwalimu asipokuwa amejiandaa ataumbuka. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima, pamoja na ile iliyomo kwenye maziwa yenyewe, haihesabiwi katika pendekezo hilo. Juisi ya chungwa hilohilo inahesabiwa.

Chumvi inafundishika kwa njia hiyohiyo, ila ina mtego wake: kuna nchi ambazo lebo huandika chumvi, na nyingine, kama Marekani, huandika sodiamu, ambayo ni sehemu tu ya chumvi. Ili kupata chumvi unazidisha sodiamu mara 2.5. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani haifiki kijiko cha chai kilichojaa. Wanafunzi wakiweka lebo mbili za nchi tofauti pamoja wanapata mazoezi ya kulinganisha ambayo hakuna kitabu kingeyatunga kwa uzuri huo.

Sasa niingie kwenye maelekezo, sehemu ninayoipa uzito kuliko zote.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa 395, wote wasemaji wa Kiingereza, walioonyeshwa lebo za dawa na kuulizwa maana yake. Lebo mojawapo ilisema: Take two tablets by mouth twice daily. Miongoni mwa wale ambao uwezo wao wa kusoma ulikuwa mdogo, karibu asilimia 71 waliieleza lebo hiyo kwa usahihi. Walipoambiwa wahesabu vidonge vya siku nzima, waliofanya sawa walikuwa karibu asilimia 35. Yaani nusu ya walioweza kuirudia sentensi hawakuweza kuifanyia kazi. Hao Kiingereza ndiyo lugha yao. Fikiria sasa anayejifunza.

Tangu nilipousoma utafiti huo, siulizi tena "umeelewa?" kwenye somo la maelekezo. Nagawa punje za maharage kuwa ndiyo vidonge, nasoma lebo, na kila mmoja anaweka mezani dozi ya siku. Nikisoma "two tablets twice daily" kuna anayeweka mbili, kuna anayeweka nne, kuna anayeweka mbili kisha akamchungulia jirani na kuongeza mbili nyingine haraka haraka. Naona kwa jicho moja nani ameelewa, jambo ambalo zoezi la kujaza nafasi lisingenionyesha hata nikisahihisha usiku kucha. Halafu naongeza ugumu: every eight hours, kwa siku tano. Before meals. Wanaweka saa, wanapanga punje. Kwenye "every eight hours" kuna ubishi wa dozi ya usiku: mtu aamke au asiamke? Sijibu mimi. Nawaambia waandike swali hilo kama ambavyo wangemwuliza mfamasia, na swali lililoandikwa vizuri ndilo linalopata alama.

Somo la pili la maelekezo ni la maji ya chumvi na sukari kwa mtu anayeharisha. Kipimo kinachojulikana cha kutengeneza nyumbani ni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Kuna historia nzuri ya kusomea: mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis, akiwa katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, wakati wa mlipuko wa kipindupindu, aliishiwa dripu na akaamua kuwapa wagonjwa mchanganyiko wa aina hiyo wanywe. Ulikuwa uamuzi wa dharura, na uliokoa watu wengi.

Ila somo hili nina sharti nalo, na sharti lenyewe silegezi. Kipimo kinatajwa na kurudiwa kwa lugha ambayo kila aliyemo darasani anaielewa bila kubahatisha, kabla ya Kiingereza na baada ya Kiingereza. Mwanafunzi akichanganya wakati uliopita na ujao, tutarekebisha wiki ijayo. Akibadilisha kipimo cha chumvi na cha sukari akaenda kumtengenezea mdogo wake, chumvi nyingi hivyo inaweza kumdhuru mtoto vibaya. Kuna walimu wanaoamini kwamba neno moja la lugha ya nyumbani likipenya darasani limeharibu somo zima. Kwenye mada nyingine tunaweza kubishana. Kwenye hii, hapana. Na paketi iliyotengenezwa tayari ikipatikana ni bora kuliko ya kupima kwa kijiko, hilo nalo lisemwe.

Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya lugha mbili, alitofautisha tangu 1979 kati ya lugha ya mazungumzo na lugha ya kitaaluma. Ya kwanza mtoto anayejifunza lugha ngeni huipata kwa miaka kama miwili akiwa katikati ya wasemaji, ya pili humchukua mitano hadi saba au zaidi. Mtoto anayepiga soga vizuri uwanjani anaweza kabisa kukwama mbele ya lebo ya dawa, na mwalimu akadhani ni uvivu.

Kuna kitu kingine katika sura ya chakula ambacho huwa nakiruka kabisa. Ni lile zoezi la kuulizana wawili wawili: What did you have for breakfast? Kwenye kila darasa kuna ambaye hakula. Anaweza kudanganya, na atadanganya kwa Kiingereza safi, lakini umemlazimisha aone haya mbele ya wenzake ili wewe ufundishe wakati uliopita. Vivyo hivyo na zoezi la kulinganisha ambalo huishia na "taller than", "fatter than", majina ya wanafunzi yakitumika. Na ile shughuli ya kupima uzito darasani na kuchora grafu. Kuna watoto ambao uhusiano wao na chakula tayari ni mgumu, na mwalimu wa lugha hana namna ya kuwatambua kwa kuwatazama. Ukiligawa ubao kuwa vyakula vizuri upande huu na vibaya upande ule, yuko atakayerudi nyumbani akiogopa sahani, na yuko atakayerudi akimwonea mama yake aibu kwa kile anachopika kwa sababu ndicho anachokimudu.

Dawa yake ni nyepesi. Tunga familia ya kubuni. Baba ana shinikizo la damu, bibi hana meno ya kutafuna, mtoto mmoja anacheza mpira kila jioni, mwingine hapendi mboga. Wanafunzi wanaipangia hiyo familia, wanaigombania, wanaishauri. Kila atakachosema mtu kuhusu bibi wa kubuni hakimgusi mtu aliyekaa kiti cha tatu. Na "should" hatimaye inapata kazi, kwa sababu bibi asiye na meno si wa kuambiwa ale karoti mbichi.

Kwa wakati uliopita, badala ya kifungua kinywa, nina mabaharia. Mwaka 1747 daktari James Lind, akiwa kwenye meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, alichukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa kitu tofauti. Kuna waliopewa siki, kuna waliokunywa maji ya bahari, kuna waliopewa matone ya asidi, na kuna wawili waliopewa machungwa na malimau. Nasimamisha hadithi hapo na wanafunzi wanabashiri. Wa maji ya bahari huwa wanaonewa huruma sana. Matunda yaliisha baada ya siku sita tu, lakini mmoja wa wale wawili alikuwa karibu amepona kabisa na mwenzake akapewa kazi ya kuwauguza wengine. Kisha nawaambia kwamba jeshi la majini la Uingereza lilianza kutoa maji ya limau kwa mabaharia wake kwa utaratibu rasmi mwaka 1795. Wanatoa. Miaka 48! Maswali yanamiminika, na yote yanahitaji "why didn't they".

John Snow, daktari aliyefuatilia kipindupindu hadi kwenye pampu ya maji ya Broad Street, London, mwaka 1854, naye anafaa, hasa ukiwa na ramani. Lakini Lind ana mabaharia, na mabaharia hushinda siku zote.

Wanafunzi wakubwa kidogo huwa nawaletea picha za miongozo ya chakula. Marekani ilitoa piramidi yake mwaka 1992, nafaka zikiwa chini kama msingi wa mlo. Mwaka 2011 ikaiweka kando na kuleta sahani iliyogawanywa, nusu yake ikiwa matunda na mboga. Kanada nayo ilibadilisha mwongozo wake mwaka 2019. Ukiweka picha hizo pamoja, kulinganisha kunakuja bila kusukumwa, na baada ya kulinganisha linakuja swali zito: kwani mwanzo walitudanganya? Sitaki kulikimbia. Ushauri wa lishe hubadilika kwa sababu utafiti unasonga, na wakati mwingine kwa sababu wenye biashara ya chakula nao wana sauti. Mtoto anayeweza kusema hivyo kwa maneno yake, hata kwa Kiingereza cha kuchechemea, amefika mbali kuliko aliyejaza "should" kumi.

Don Nutbeam, mtaalamu wa afya ya jamii, mwaka 2000 aliugawa uelewa wa afya katika ngazi tatu: kusoma na kufuata, kuuliza na kujadiliana na wahudumu, na kuchambua kile unachoambiwa. Sura ya kitabu huishia ngazi ya kwanza, tena haifiki juu. Ngazi ya tatu ndiyo ambayo mwalimu wa lugha ana silaha kuliko mwalimu wa sayansi. Tangazo linaposema kinywaji "may help" kuongeza kinga, au paketi inapojisifu "no added sugar" wakati juisi iliyomo ina sukari yake tele, anayepaswa kunusa ujanja huo ni mtu aliyezoea kusoma sentensi kwa makini. Hapo hatuhitaji kuazima utaalamu wa mtu.

Kwingine tunauhitaji. Mimi si daktari, na mwanafunzi akibaki baada ya kipindi kuniuliza kuhusu kidonda kisichopona au kuhusu mama yake, simpi jibu kutoka kwenye maandalio yangu ya somo. Ninachoweza ni kumsaidia kupanga maswali atakayoenda nayo kwa mhudumu wa afya, kwa lugha yoyote atakayoitumia huko, na kumwelekeza kwa anayehusika shuleni. Mazoezi ya kuigiza mgonjwa na muuguzi yananisaidia hapa, ila nimeyageuza: nyota wa igizo ni mgonjwa. Anayeigiza muuguzi anaongea haraka makusudi na kutumia maneno magumu, na mgonjwa anapata alama kila anapomsimamisha. Sorry, could you say that again? Do I stop when I feel better? Wakimya wa darasa hupenda sana zoezi hili, labda kwa sababu ni mara chache wanaruhusiwa kumkatiza mtu mwenye cheo.

Upande wa kusahihisha, naweka alama mbili tofauti. Moja ya lugha, moja ya maana. Aliyeandika "he take four tablet in a day" amekosea lugha na amepata dozi. Aliyeandika sentensi iliyonyooka kabisa lakini vidonge ni viwili, amepata lugha na amekosa dozi. Nikizichanganya alama hizo kuwa moja, sijui nimpongeze nani. Kuna mzazi aliyewahi kuniuliza kwa nini mtoto wake mwenye Kiingereza kizuri amepata sifuri upande mmoja. Nilimwekea mezani punje za maharage, nikamsomea lebo, nikamwomba ahesabu.